Namba za Faili na Mikondo Sanifu: Maelezo ya Dhana kwa Watafiti wa Kiswahili

Makala haya yanakusudia kueleza dhana moja ya mifumo ya uendeshaji wa kompyuta ambayo mtafiti wa lugha huitumia karibu kila siku pasipo kuitambua, nayo ni namba za faili pamoja na mikondo mitatu sanifu inayoambatana nazo. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Kolwezi huisoma dhana hii kwa Kifaransa. Mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi huisoma kwa Kiingereza. Wote wawili wakitakiwa kuieleza kwa Kiswahili, lugha ambayo huizungumza mara tu watokapo darasani, aghalabu hukwama. Kukwama huko hakutokani na uchanga wa lugha. Dhana yenyewe ni nyepesi, na mfano wake umesimama wazi katika njia panda ya reli iliyoko Tenke.

Mfano wa Tenke

Tenke ni mji mdogo wa mkoa wa Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku hizi hutajwa zaidi kwa ajili ya mgodi wa shaba na kobalti wa Tenke Fungurume, lakini katika historia ya usafirishaji umuhimu wake ni mwingine: hapo ndipo reli zinapoachana. Njia itokayo Lubumbashi na Likasi hugawanyika mikono miwili. Mmoja huelekea kaskazini hadi Bukama, Kamina na hatimaye Ilebo kwenye mto Kasai. Wa pili huelekea magharibi kupitia Kolwezi hadi Dilolo, mpakani mwa Angola, na kutoka hapo hadi bandari ya Lobito. Reli ilifika Bukama mwaka 1918; kipande cha kufikia Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui wakati huo, kilikamilika 1928; na njia ya Tenke hadi Dilolo ilikamilika 1931. Kwa shaba ya Katanga, njia ya Lobito ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote kwenda baharini.

Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia hiyo. Behewa lililopakiwa shaba Kolwezi halikuweza tena kuendelea magharibi. Lilirudishwa mashariki hadi Tenke, na hapo likaelekezwa ama kaskazini hadi Ilebo, ambako mzigo ulihamishiwa katika vyombo vya mtoni hadi Kinshasa na kupandishwa tena relini hadi Matadi, ama kusini kupitia Sakania na Zambia hadi bandari za Afrika ya Kusini. Jambo la kuzingatia ni kwamba mgodi haukubadilishwa kwa sababu ya safari hiyo mpya. Mpakiaji wa Kolwezi aliendelea kupakia shaba ile ile katika mabehewa yale yale, kwenye njia ile ile ya kutokea. Mwelekeo uliamuliwa na wale waliokuwa na mamlaka juu ya makutano ya reli. Upande wa Angola ulipozinduliwa upya hadi mpakani mwaka 2015, na treni za kutoka Kongo ziliporejea kufika Lobito mwaka 2018, mpakiaji hakuhitaji kufunzwa kazi upya.

Hivyo ndivyo mikondo sanifu inavyofanya kazi. Programu nzuri haijui itokako data wala iendako. Hupokea kupitia mlango mmoja na kutoa kupitia mwingine, na mtu mwingine ndiye anayeamua milango hiyo imeungana na nini.

Hali ilivyokuwa hapo awali

Hapo zamani mambo hayakuwa hivi. Katika mashine kubwa za miaka ya 1960, mathalani zile zilizotumia mfumo wa OS/360 wa IBM, kila kazi iliambatana na kadi zilizotobolewa za kutaja kwa urefu kila faili na kila kifaa kitakachotumika: utepe upi, diski ipi, ukubwa gani. Lugha ya Fortran ilikuwa imekwisha kuonyesha dalili ya njia iliyo bora. Kwa mazoea ya mashine nyingi, mwandishi wa programu alisoma kutoka "kifaa namba 5" na kuandika katika "kifaa namba 6". Ya kwanza ilikuwa msomaji wa kadi, ya pili printa. Namba hizo zilikuwa majina ya bandia yaliyoweza kuunganishwa na kifaa chochote, ingawa uunganishaji wenyewe ulibaki kuwa usumbufu.

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1969, ulilichukua wazo hilo na kulifanya kuwa msingi wa kila kitu. Faili ya maandishi, kibodi, skrini, printa, hata mawasiliano kati ya programu mbili, vyote huonekana kwa programu kwa sura moja: mfululizo wa baiti unaosomwa au kuandikwa kwa kutaja namba. Linux na macOS zimerithi utaratibu huu moja kwa moja, na Windows inao mfano wake.

Namba yenyewe

Programu inapotaka kutumia faili, huliomba kiini cha mfumo. Kiini hukagua kama faili ipo na kama mwombaji ana ruhusa. Akiridhiwa, hapewi faili mkononi. Hupewa namba ndogo, kama vile 3 au 4. Tangu hapo programu haitaji tena jina la faili. Husema tu "soma kutoka 3" au "andika katika 4", na kiini hutazama katika jedwali alilolitenga kwa ajili ya programu hiyo ili kujua namba inaashiria nini. Jedwali ni la kila programu peke yake. Namba 3 ya programu moja haina uhusiano wowote na namba 3 ya nyingine, kama vile njia ya tatu katika stesheni ya Tenke isivyo njia ya tatu ya Kamina.

Nyuma ya jedwali hilo kuna jedwali la pili, ambalo vitabu vya utangulizi hulipita upesi kuliko inavyostahili. Humo kiini huweka kumbukumbu ya mahali programu ilipofikia ndani ya faili: baiti ngapi zimekwisha kusomwa au kuandikwa. Namba mbili zaweza kuashiria kumbukumbu moja, na hapo zitashiriki mahali pamoja, moja ikiandika baada ya nyingine kwa mfuatano. Lakini faili moja ikifunguliwa mara mbili, kumbukumbu huwa mbili, kila moja ikianzia mwanzo, na maandishi ya mmoja huyafuta ya mwenzake. Tofauti hii itarejewa hapa chini, kwa kuwa imewapotezea watu kazi nyingi.

Namba 3 ndiyo ya kwanza kutolewa kwa kawaida kwa sababu 0, 1 na 2 huwa zimekwisha kushikwa kabla programu haijaanza. Namba 0 ni mkondo wa kuingiza, 1 ni mkondo wa kutoa, na 2 ni mkondo wa makosa. Mtu anapoketi mbele ya kompyuta na kuandika amri, 0 huwa imeungana na kibodi, nazo 1 na 2 zimeungana na skrini.

Kuhusu istilahi, neno la Kiingereza linalotumika kwa namba hii lina maana ya "kinachoeleza", na tafsiri ya pupa ingezaa "kielezi cha faili". Istilahi hiyo haifai. Kwanza, kielezi kina kazi yake katika sarufi ya Kiswahili na wasomaji wa jarida la lugha hawahitaji kuchanganywa zaidi. Pili, namba hiyo haielezi chochote. Ni tikiti tu. "Namba ya faili" inatosha. Kwa mikondo, makala haya yanatumia ingizo sanifu, tokeo sanifu na tokeo la makosa. Ni kweli kwamba "tokeo" huwakumbusha wengi matokeo ya mitihani, lakini hilo si dosari: kinachotoka katika programu ni matokeo yake.

Kugeuza njia

Amri anazoandika mtumiaji hupokelewa na programu iitwayo ganda. Akiandika jina la programu, kisha alama >, kisha jina la faili, ganda hufanya kazi ya mgeuza reli. Hujizalishia nakala yake. Nakala hiyo huifunga namba 1 iliyoelekea skrini, na mara huifungua faili iliyotajwa. Hapa kuna kanuni moja ya kiini ambayo ni fupi na yenye nguvu: namba inayotolewa huwa daima ndogo kuliko zote zilizo wazi. Kwa kuwa 1 imeachwa sasa hivi, na 0 imeshikwa, faili mpya hupewa 1. Hapo ndipo nakala hiyo hujigeuza kuwa programu iliyotakiwa, ikiwa imerithi namba zake zote. Programu huamka, huandika katika 1 kama kawaida yake, na haina habari kwamba haizungumzi tena na skrini. Reli imegeuzwa kabla ya treni kuondoka.

Mfano wa Tenke una mpaka wake, na ni vema usivutwe kupita kiasi. Behewa likiondoka Kolwezi haliko tena Kolwezi, ilhali baiti hunakiliwa na asili yake hubaki. Tena, reli haina kanuni ya namba ndogo iliyo wazi.

Kanuni hiyo huweza kudhuru pia. Programu iliyozinduliwa huku namba 2 ikiwa imefungwa, kisha ikafungua faili yake ya data, yaweza kupewa 2 kwa ajili ya data hiyo. Itakapotokea hitilafu, ujumbe wa makosa utaandikwa katikati ya data bila mtu kuona. Ndiyo maana programu zinazoendeshwa nyuma ya pazia hufunzwa kuziunganisha 0, 1 na 2 na kifaa tupu badala ya kuziacha wazi.

Kwa nini makosa yana njia yake

Mwanzoni Unix ilikuwa na ingizo na tokeo tu. Ujumbe wa makosa ulifuata njia ya matokeo. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Bell walikuwa na mashine ya kupangia chapa iliyoandika kwa mwanga juu ya karatasi ya picha, karatasi ambayo baadaye ilipaswa kusafishwa kwa dawa. Steve Johnson, mmoja wao, amesimulia kwamba alasiri moja watu kadhaa walipatwa na mkasa ule ule: walituma waraka, wakasafisha karatasi, wakakuta mstari mmoja tu uliochapwa kwa umaridadi mkubwa, usemao kwamba faili fulani haikuweza kufunguliwa. Manung'uniko yalikuwa makubwa, tena yalisikika mbele ya wahusika, na siku chache baadaye tokeo la makosa likazaliwa.

Kisa hicho hupendwa kwa uchekeshaji wake, lakini kwa mtafiti wa Kiswahili cha Katanga kina uzito wa pekee. Kiswahili cha ukanda wa shaba huchanganya Kifaransa kwa wingi, na mchanganyiko huo wenyewe umekuwa mada ya utafiti. Vincent de Rooij aliuandikia tasnifu iliyotoka mwaka 1996. Sasa achukuliwe mtafiti anayehesabu maneno ya Kifaransa katika matini mia tatu zilizonakiliwa kutoka katika mazungumzo ya Kolwezi, kwa kompyuta inayotoa ujumbe wake kwa Kifaransa kama zilivyo nyingi huko. Jina la faili moja limekosewa. Kompyuta hulalamika kwa sentensi yenye maneno "fichier", "dossier" na "type". Ikiwa mtafiti ameelekeza mkondo wa 2 mahali pamoja na wa 1, kama watu wengi wafanyavyo kwa kudhani ni tahadhari, maneno hayo matatu yataingia katika orodha. Kiingereza kingejitokeza kama kitu kigeni. Kifaransa hakitashtua mtu, kwa kuwa "dossier" ni neno ambalo mzungumzaji wa Kolwezi angeweza kabisa kulitamka. Kosa la mashine litakuwa limesajiliwa kama usemi wa binadamu.

Njia salama ni kuyapa makosa faili yake kwa alama 2> na kuisoma kwanza faili hiyo. Ikiwa tupu, hesabu iendelee. Anayetaka kweli kuyaweka pamoja na matokeo na aangalie mpangilio wa alama, kwa kuwa ganda huzisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Akiandika >orodha 2>&1, namba 1 huelekezwa kwenye orodha, kisha 2 huambiwa iende iliko 1, yaani orodha. Akiandika 2>&1 >orodha, namba 2 hunakili mwelekeo wa 1 wakati bado uko kwenye skrini, na hubaki huko. Na akiandika >orodha 2>orodha, huwa ameifungua faili moja mara mbili, kwa kumbukumbu mbili za mahali, na sehemu za matokeo zitafutwa na ujumbe wa makosa kama ilivyoelezwa juu.

Bomba, na tatizo la ng'

Tokeo la programu moja laweza kuunganishwa na ingizo la nyingine. Kiungo hicho huitwa bomba, na alama yake ni |. Douglas McIlroy alikuwa ameandika tangu 1964 kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na mwaka 1973 Thompson alilitekeleza wazo hilo katika Unix. Bomba ni hifadhi ndogo ndani ya kiini. Katika Linux ukubwa wake wa kawaida tangu 2005 ni baiti 65,536. Likijaa, mwandikaji husimamishwa. Likiwa tupu, msomaji husubiri. Hivyo matini ya ukubwa wowote hupita bila kuhitaji kukaa yote katika kumbukumbu.

Mwaka 1986 McIlroy alionyesha kwamba kuorodhesha maneno ya matini kwa wingi wa kutokea kwake kwahitaji programu sita tu zilizounganishwa kwa mabomba: ya kwanza hugeuza kila kisicho herufi kuwa mwisho wa mstari, ya pili hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, ya tatu hupanga, ya nne huhesabu yanayofanana, ya tano hupanga tena kwa wingi, ya sita hukata orodha. Mfululizo huu hufunzwa hadi leo, na watafiti wa Kiswahili huunakili ulivyo. Hapo ndipo hasara ilipo.

Mkondo hubeba baiti. Haujui herufi wala lugha. Kwa programu ya kwanza, alama ya ritifaa si herufi. Neno "ng'ombe" hukatwa kuwa "ng" na "ombe", jambo ambalo mtu huliona upesi na kulicheka. Lakini "kung'amua" huwa "kung" na "amua", na "kung'oa" huwa "kung" na "oa". Vipande hivi ni vitenzi halali vya Kiswahili. Orodha itakayotoka itadai kwamba watu huamua na kuoa zaidi ya walivyofanya, na hakuna ujumbe wowote utakaotokea katika mkondo wa 2, kwa sababu kwa upande wa mashine hakuna kosa lililotendeka. Kuiongeza ritifaa katika orodha ya herufi hutibu nusu tu ya tatizo. Programu nyingi za kuandikia huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ambayo katika usimbaji wa UTF-8 ni baiti tatu tofauti kabisa. Yafaa kwanza iwekwe programu moja zaidi mwanzoni mwa bomba, ya kuzirudisha ritifaa zote kuwa za aina moja.

Matini za Katanga huongeza ugumu wao. Historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, ambayo Johannes Fabian aliichapisha kwa tafsiri na ufafanuzi mwaka 1990, ilipigwa taipu na mtu asiyefungwa na tahajia ya Kiswahili sanifu. Mipaka ya maneno humo hubadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa. Hapana bomba litakalolitatua hilo. Kabla ya kuhesabu maneno ni lazima mtu aamue neno ni nini, na uamuzi huo ni wa mwanaisimu.

Limebaki suala moja la kiutendaji, ambalo watumiaji wa Kolwezi na Lubumbashi wanaozoea kukatikiwa umeme watalitambua. Tokeo sanifu linapoelekea skrini, kwa kawaida humwagwa mstari kwa mstari. Linapoelekea faili au bomba, programu hulikusanya kwanza, aghalabu hadi baiti 4096, ndipo hulikabidhi kwa kiini kwa mkupuo. Tokeo la makosa halikusanywi. Hutoka papo hapo. Matokeo yake ni kwamba programu ikiuawa ghafula, ujumbe wa makosa huweza kuonyesha kwamba matini ya 280 ilikwisha kushughulikiwa ilhali faili ya matokeo inaishia katikati ya neno la matini ya 278. Umeme ukikatika hasara huongezeka, kwa kuwa hata kile ambacho kiini kimekabidhiwa huweza kuwa bado hakijafika diskini. Mwenye kazi ya saa nyingi huweza kuiamuru programu ikabidhi kila mstari unapokamilika, na kukiomba kiini kikiandike diskini kila baada ya matini moja. Kazi itakwenda polepole zaidi, lakini umeme utakaporudi ataanza tena kwenye matini moja tu.